Kwa Nini Tumeliacha Gari la Mjerumani

Ujiji, Kigoma
8 Desemba 1996

Mpendwa mdogo wangu Abdulatif,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Maskati, na kile kifua kimepona? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Najua unachongojea ni habari za gari. Kaa kitako. Mchango wako ulifika salama, lakini yule Mjerumani uliyemsifu kurasa mbili nzima hatukumnunua. Tumemchukua Mmarekani. Usinirukie, nisikilize kwanza.

Yote mawili yalivushwa ziwa na watu waliokimbia vita Zaire. La Kijerumani ni la mfanyabiashara wa Bukavu: viti vya ngozi, na likiwashwa hulisikii. Shemeji yako Mwinshehe alilizunguka kama bwana harusi. Hata mimi nilikaa ndani nikajiona mke wa waziri. Lakini liko chini mno kwa mashimo ya barabara ya Gungu. Naye Bonifasi, fundi wetu wa injini za boti, alifunua boneti, akatazama, akaifunga kwa adabu. "Huyu mtafutieni daktari wa kwao," akasema.

La Kimarekani lilikuwa la kijana wa Uvira aitwaye Selestini. Milango miwili, rangi imebabuka, na mlio wake unaamsha watoto waliolala. Linakunywa petroli, sikufichi. Ila lina nguvu za ajabu, na bei ilikuwa ya kutupa.

Bei hiyo ndiyo iliyoninyima raha. Selestini alipata nafasi kwenye tishari la mizigo akavuka na gari. Mkewe Leonia na mtoto walikuwa wafuate kwa boti siku ileile. Boti haikuonekana. Sasa alikuwa anauza ili akodi mashua akawatafute, na gari lenyewe hata kulitazama hakutaka. Mama akasema, "Mwenye dhiki hapunjwi. Mpeni haki yake." Mwinshehe akakubali kuongeza, lakini moyo wake bado ulikuwa kwa Mjerumani.

Ijumaa baada ya swala tukaenda kulijaribu, Selestini kakaa mbele kainamisha kichwa, mimi nimebanwa nyuma. Tulipofika kwenye mwinuko wa Bangwe, Mwinshehe akakanyaga mafuta likanguruma mtaa mzima. Kando ya barabara walikuwa wamekaa watu walioshuka botini asubuhi hiyo. Mwanamke mmoja akainuka na mtoto mgongoni, akaja katikati ya barabara mikono juu. Mwinshehe akafunga breki, akaanza kufoka. Selestini alikuwa ameshashuka.

Kumbe upepo uliisukuma boti yao mpaka Mwamgongo, wakahifadhiwa na wavuvi wa kule. Leonia aliujua mlio kabla hajaliona gari. Nililia, Abdu, tena kwa sauti, na sioni haya. Hebu niambie, Mjerumani wako asiyesikika angemwita nani?

Mwinshehe hakuuliza tena habari za viti vya ngozi. Jana tukalipa bei ya haki, wakapeana mikono.

Kisha Mwinshehe akajitolea kuwafikisha kwenye malori yanayopeleka wakimbizi kambini. Selestini akakataa. Akasema atakwenda kwa miguu, hataki kulipanda tena gari lililomvusha yeye likawaacha watu wake. Leonia hakubishana naye. Akaingia kiti cha nyuma, akampakata mtoto, akasogea kumpisha. "Panda," akamwambia. "Mara hii tunaenda sisi wote."

Akapanda.

Mama anakusalimu sana, na Lulu wangu pia, amekuwa mrefu kunipita. Ba mdogo Swaibu anauliza utaoa lini. Shemeji yako anasema ukija atakupokea stesheni kwa gari, ila uje na pamba za masikio.

Mungu akulinde ugenini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Dada yako akupendaye,
Hasna