Nta Kwenye Mlango wa Bibi

Kitongoji cha Kitazawa,
Niigata.
9 Februari

Mpendwa Baba Mkubwa Kunihiro,

Shikamoo. Natumaini mgongo uliokusumbua mwaka mpya umetulia, na Mama Mkubwa Yasue kikohozi kimemwacha. Huku miili yetu ni mizima. Baba analala mchana kama popo, kwa sababu gari la kusukuma theluji linamtoa kitandani kabla hakujapambazuka. Mama bado yuko Harbin, anamuuguza mama yake. Theluji imefika madirisha ya juu na bado inashuka.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu ningesema "ndiyo" na "sawa", kama kawaida yangu, kisha ningempa Bibi. Hii ni mara ya tatu naianza barua hii. Ya kwanza niliiandika Kichina, lugha niliyosomea kwa kina Mama mpaka darasa la nne, nikijua kwa zile herufi tunazoshirikiana nao ungeambulia nusu ya maana tu. Nikaona huko ni kujificha, nikaichana.

Nataka kukueleza kilicholivunja paa la nyumba yenu.

Unaukumbuka mlango wa kusukuma wa chumba cha Bibi, ulio chini ya boriti kuu. Theluji ikizidi juu, boriti inapinda kidogo na kuubana. Kila asubuhi Bibi huusukuma kwa vidole viwili. Ukiteleza, tunakunywa chai. Ukikataa, paa limelemewa, na lazima watu wapande kulipunguzia. Baba akiwa kazini, kazi yangu ilikuwa moja: Bibi akisema mlango umebana, niende kwa jirani, Mzee Igarashi, nimwombe tupande pamoja, maana hapandi mtu peke yake.

Tarehe kumi Januari tulipanda. Nilipofika katikati miguu ikagoma. Nikakaa kitako kwenye theluji, beleshi mapajani, siendi mbele wala sirudi nyuma.

"Chihaya, hapa si hekaluni ukae kusali," akasema Mzee Igarashi. "Simama, au lala kabisa nikuzoe pamoja na theluji."

Akina mama waliokuwa wakizibua njia chini wakacheka. Wala hawakucheka kwa ubaya. Mwisho alinifunga kamba kiunoni akanishusha kama gunia la mchele, akamaliza kazi peke yake, mzee wa miaka sabini na tatu. Kesho yake basi zima la shule lilikuwa na habari. Mvulana mmoja akaniuliza kilo yangu ni bei gani.

Nilijiapiza sitabisha hodi tena kwa Mzee Igarashi. Najua ni jambo dogo, Baba Mkubwa. Lakini kwangu hata kumwambia dereva wa basi nashuka hapa ni kazi.

Wiki iliyofuata niliamka kabla ya Bibi nikaujaribu mlango. Ulikuwa mzito. Nikachukua mshumaa kwenye madhabahu ya mababu, nikasugua nta kwenye mfereji wa mlango, chini na juu. Bibi alipokuja akausukuma, ukateleza. Akasema, "Haya, leo tumepona, weka maji jikoni." Nikaweka maji. Nilifanya hivyo asubuhi tisa. Bibi alipoona mishumaa inaisha haraka, akatania kwamba mababu wa mwaka huu hawataki giza. Nami nikacheka naye.

Kila siku niliwaza, Jumapili Baba atapumzika, atapanda yeye. Jumapili ikafika, Baba akaitwa kazini. Jumatatu mvua ikanyesha juu ya theluji, na wewe unajua theluji iliyolowa ina uzito gani. Shule ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa nyumbani saa nne asubuhi boriti ilipopasuka, na ukingo wote wa paa upande wa kaskazini ukaanguka. Mto wa Bibi ulifunikwa na matope ya ukuta na vipande vya mbao. Yeye alikuwa jikoni akikata figili. Angekuwa amejilaza, nisingekuwa na Bibi wa kukuandikia habari zake.

Watu wa kitongoji walikuja wote na mabeleshi. Mzee Igarashi akakaa na Bibi kizingitini.

"Bi Fumi, mlango haukukwambia?"

"Uliniambia, bila shaka. Mkono wangu ndio haukusikia. Umezeeka, haufai tena kulinda nyumba."

"Wacha wewe. Mkono huo umenishinda karata juzi tu."

Bibi hakucheka. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimeshika birika. Nikawamiminia chai.

Jioni ile ndipo alipokupigia simu akakubali kuja kukaa kwenu Osaka, baada ya kukukatalia miaka sita. Nilikusikia ulivyofurahi. Baba aliinamisha kichwa tu. Boriti imeshikizwa kwa nguzo na mlango bado uko mahali pake, lakini tangu siku hiyo Bibi haugusi. Asubuhi ananiita mimi niusukume, kwa kuwa mkono wangu ni wa kijana na haudanganyi. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mkono wa Bibi haukukosea, Baba Mkubwa. Mlango ndio uliosema uongo, na aliyeufundisha ni mimi. Ukiniona sistahili kuachiwa nyumba ya baba yenu, utakuwa na haki. Ila usimchukue Bibi kwa kosa ambalo si lake.

Nisalimie Mama Mkubwa Yasue na Dada Mizuho. Mwambie Dada koti aliloniletea linanitosha sasa. Baba anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Mababu wakulinde huko uliko, wakuponye mgongo, na mimi wanisamehe mishumaa yao.

Nilitaka kuitia barua hii posta leo nikitoka shule. Nimeona sivyo. Ningekuwa nakiri kwako kwa kuwa uko mbali, huku naendelea kunywa chai na Bibi kana kwamba hakuna kitu. Chakula cha jioni kikiisha nitamsomea yote, neno kwa neno, ndipo niifunge. Kwa hiyo ikiwa umeishika mkononi, jua kwamba Bibi ameshaisikia mpaka hapa. Suala la kuhamia Osaka, tafadhali mpigie umuulize upya.

Ni mimi binti yako, nikupendaye kwa aibu yangu yote,

Chihaya