Wote Wameridhika, Mwalimu

Misheni, Runzewe

Mama Shija, mke wangu,

Mwangaluka, mayu. Hujambo wewe na hilo goti lako linalotabiri mvua kuliko redio? Wajukuu wanakusumbua, au wewe ndiye unayewasumbua? Mimi bado napumua. Michembe, vile viazi vikavu ulivyonifungia, imekwisha, na ugali wa muhogo wa huku haushuki mpaka uusukume.

Unajua wazee wa kanisa walinituma nijifunze ushauri wa familia kwa kuwa mimi na wewe tumegombana maisha yote na hatujaachana. Basi mafunzo yenyewe ndiyo haya: wiki nzima tunatembelea nyumba zenye ugomvi, na Jumatatu tunakaa mbele ya msimamizi, Mwalimu mmoja wa soksi ndefu, kila mtu aeleze alivyoshauri. "Semeni wazi," anatuambia. Tunasema, "Wameridhika, Mwalimu." Naye anaridhika. Hata mimi, niliyefukuzwa na mume mmoja kwa mbwa, nilisema wameridhika. Labda mbwa.

Tunajifunza na binti mmoja, Modesta, mnyoofu kama mwiko. Yeye alimshauri Mama Kulwa, anayepigwa na mumewe, arudi kwa baba yake mpaka mume apoe. Neno jema, ila hakuuliza habari za ng'ombe. Wale wa mahari walishatoka zizini kumpatia kaka yake mke. Baba alipomwona mwanawe mlangoni, akaona anadaiwa ng'ombe ambao hana. Akamrudisha siku ile ile, fimbo mkononi. Mume naye akampokea kwa fimbo yake. Mkono umevunjika.

Modesta akanijia analia. "Babu, niseme?"

"Sema, mjukuu wangu. Si ametwambia tuseme wazi?"

Akasema. Mwalimu akavua miwani. "Wenzako wote watu wao wameridhika. Wewe tu?" Akamwambia afungashe virago. Nami, Mama Shija, huu mdomo unaoulalamikia kila siku, nikakaa kimya kama gunia.

Nyumba ya Mama Kulwa hakupewa mtu mwingine. Jana nikaenda mwenyewe. Nilimkuta anapuliza moto, mkono mmoja umefungwa kwa kitenge.

"Yule binti anakuja lini?" akaniuliza. "Ndiye tu aliyekaa akanisikiliza."

Nikapiga magoti, nikampulizia ule moto.

Jumatatu nitasema yote, hata habari za mbwa, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia Modesta aseme. Halafu nitamwomba Mwalimu twende wote kwa baba yake Mama Kulwa tukazungumze juu ya ng'ombe hao. Sidhani kama atakubali. Ukiniona nashuka hapo Tinde na sanduku langu, usiniulize mbele ya watu.

Msalimie Shija, mwanetu, alime palizi aache kupiga soga. Msalimie dada yangu, wifi yako, na ulimi wake. Na binti yetu aliyeolewa Ibadakuli, usimsalimie kwa watu. Nenda mwenyewe, umwangalie mikono. Mwambie arudi nyumbani akitaka, hata kama ng'ombe wake tulishawala.

Ni mimi mumeo, mkorofi wako,
Baba Shija