Koang Hataki Kujibu

Lemon Gaba, Juba

Kaka Gatwech mpendwa,

Mzima wewe? Shemeji Joy na watoto hapo Nakuru hawajambo? Huku tunapumua, tunamshukuru Mungu, ila moyo wangu haujatulia.

Umesikia kwamba ndege ndogo anayoirusha mchumba wangu Koang ilijibamiza chini ikitua Juba kutoka Fangak. Gurudumu lilikatika. Mama alikuwa ndani, akatoka bila mkwaruzo. Lakini abiria mwenzake, Josline, amevunjika mgongo.

Cyril, mwenye ndege, anatangaza kila mahali kwamba Koang alikuwa amelewa. Wakaguzi wa ajali wanamuuliza Koang kama mizigo yote ilipimwa, yeye anatazama viatu tu. Wakimnyang'anya leseni, khalas, hatarusha ndege tena. Kaka, nilimshuku. Nilinusa hata mashati yake! Nikamshuku Cyril pia, maana anayewahi kulaumu ana lake jambo. Nikadhani wamebeba magendo. Nilipombana Koang, alisema kuna mambo hayatamkiki. Ebo! Nikaondoka nimenuna.

Juzi nikamkuta mama akiwagawia majirani samaki wa kukaushwa. Nikauliza wametoka wapi. Akacheka, akasema kule Fangak kila abiria alipandishwa kwenye mizani pamoja na mizigo yake, ila yeye aligoma, hawezi kupimwa kama mbuzi mbele ya mkwewe. Akapanda na magunia manne ya samaki, uzito ukazidi. Koang aliinamisha kichwa, akamwacha. Baada ya ajali binamu zetu waliokuja kumpokea wakayashusha haraka, wakaguzi hawakuyaona.

Unajua mila zetu. Ng'ombe wa mahari wameshaanza kufika, na mkwe hamkatalii mama mkwe hadharani, wala hamtaji kwa kosa. Kumbe ndiyo maana kanyamaza! Naye ana hatia, rubani ni yeye. Nilimsihi mama aseme mwenyewe. Akanijibu kwamba wanaume wa kuoa wako wengi.

Basi leo asubuhi nimewaeleza wakaguzi yote, kisha nikarudi nikamwambia mama usoni. Koang amewaka, anadai nimemwaibisha ukweni. Huenda ng'ombe wakarudi kwao. Naumia, kaka, nampenda yule mtu. Lakini jana nilimtembelea Josline hospitali, akaniuliza ni nini kilichomvunja, na hapo ndipo nikaamua kusema.

Nibusie watoto, na Joy mwambie namkumbuka. Salamu za mama sina. Tangu nimwambie, hasemi nami.

Dada yako,
Nyakim