Siku Tulipompoza Babu Yako kwa Barafu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Hapa Butimba tu wazima, na mjomba wako kapona mguu. Yeye ndiye atakayeipiga picha barua hii akutumie kwa simu, maana haiwezi kusubiri posta.

Unauliza kama uwaombe madaktari wa huko wamfunike mumeo blanketi. Moyo wake ulisimama ukarudi, na sasa wanampoza hadi amekuwa baridi kama maiti.

Miaka ya tisini, viwanda vya samaki aina ya sangara vilipofunguliwa hapa Mwanza, babu yako alipigwa na umeme kazini katika kimojawapo. Moyo ukasimama. Mwenzake akamkandamiza kifua mpaka ukarudi, lakini hakuzinduka, na hospitalini homa ikampanda. Mama mkwe wangu akaja na mablanketi. Daktari akayatoa.

"Joto hili litamharibia ubongo, mama. Tafuteni barafu."

Wenzake wa kazi wakaleta barafu ya samaki kutoka kiwandani. Tukaifunga kwenye kanga, tukamwekea kwapani na shingoni. Mama mkwe akalia, "Mnamuua mwanangu!" Moyoni nilikuwa upande wake, lakini niliishikilia ile barafu mpaka vidole vikafa ganzi.

Kesho yake alifumbua macho, akaninong'oneza, "Mbona nanuka samaki?"

Neema, sijui mumeo ataamkaje. Wengine hawaamki, na ninaogopa kama wewe. Ila blanketi usiombe. Kaa karibu naye, umwite kwa jina.

Mimi bibi yako, simu iko mkononi,
Nyamizi