Siku Tromboni Ilipoimba Badala Yangu

Malvern, Johannesburg

Mjukuu wangu Neema,

Sote hapa tunakusalimu. Mama yako bado anashona pale Jules Street, na mjomba wako amepata kazi ya ulinzi Randburg. Wewe huko Cape Town unakula vizuri?

Umeniuliza kama nyimbo za kanisa za Ulaya ya kale ziliimbwa kwa sauti tupu au pamoja na ala. Nami niliwahi kujiuliza hivyo, nikiwa msichana wa kwaya Lubumbashi. Asubuhi ya Pasaka niliamka sauti imekauka kabisa, na katika wimbo wa kale wa Ulaya tuliotakiwa kuimba siku hiyo, sehemu ya sauti ya pili niliijua mimi peke yangu. Nikalia. Padri mzee aliyetufundisha akamwita Kasongo, mpiga tromboni, ambaye baadaye akawa babu yako.

"Puliza sehemu ya huyu dada."

"Lakini Padri, hiyo si ya kuimbwa?"

"Watunzi wa zamani mara nyingi hawakuandika ni ya nani. Waliokuwepo waligawana."

Nikamshikia Kasongo karatasi ya noti. Wenzangu wakaimba, naye akapuliza taratibu, akivuta pumzi palepale nilipozoea kuvuta mimi. Nilisahau kulia. Sehemu ile nilikuwa nimeiimba miezi mingi, lakini sikuwahi kusikia jinsi inavyopishana na nyingine, inavyozipandia juu, kisha inavyozisubiri.

Hadi leo sijui ilipendeza zaidi kwa koo au kwa tromboni. Wewe unayesomea muziki, jaribu na wenzako njia zote mbili, halafu unipigie simu nisikie.

Bibi yako anayekupenda,
Mama Odile