Kioo Kikubwa Nilichomuuzia Mzee Shemboko

Masuguru, Korogwe

Mama yangu, shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mvua za huko Kasulu zimewaacha mpande maharage? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hapana, na kwenye simu nimeshindwa kukueleza.

Unajua kazi yangu ni kunadi simu kwa kipaza sauti, leo Handeni, kesho Segera. Bosi alituambia tusihangaike na kamera wala betri, tutaje kioo. Tukapewa rula. Mteja akija na simu ya kampuni nyingine, tunazilaza pamoja, tunapima kona hadi kona, tunamwonyesha yetu imezidi. Imezidi unene wa ukucha tu, Mama, lakini tunapiga kelele kama imezidi dhiraa. Wapinzani wetu ng'ambo ya barabara wakileta kubwa zaidi, nasi tunaletewa nyingine.

Miezi mitatu iliyopita, pale Segera, alisimama Mzee Shemboko, mkulima wa iliki kutoka Kwashemshi.

"Binti, macho yangu yana ukungu. Nilikuwa nakwenda hospitali, ila nimekusikia. Nikinunua hiyo, nitamwona mjukuu wangu akinipigia?"

Nikamjibu, "Babu, kwa kioo hiki hata miwani hutahitaji."

Hela ya matibabu akanipa mimi, akageuza kurudi kwao.

Juzi amekuja tena, ameshikwa mkono na mkewe. Akaiweka simu mezani taratibu. "Sijaja kugombana, binti. Nitafutie kubwa kuliko hii. Hii nayo imeingia giza."

Mama, nilitupa kipaza sauti, nikawapeleka hospitali. Daktari akasema ni presha ya macho. Jicho la kulia limeshakufa. La kushoto watajaribu kuliokoa. Akaongeza, "Mngewahi kidogo tu..."

Mkewe akaniuliza, "Kwani ulikuwa hujui?"

Sikujua, Mama. Lakini wala sikuuliza.

Bosi amepiga: kuna toleo jipya, kubwa zaidi, nisipoonekana Jumatatu, kazi sina. Siwezi kukishika tena kile kipaza sauti. Nyumbani nitarudije mikono mitupu? Niambie nifanye nini.

Nilimpigia magoti mke wa Mzee, nikamwomba radhi. Alisema tu, "Mshike upande huo asiouona, tuvuke barabara."

Msalimie kaka Yusto na baiskeli zake, na shangazi Pendo wa mawese. Bibi mpeleke akapimwe macho wiki hii hii, hata akikuapia kwamba anaona.

Ni mimi binti yako, ninayekulilia,
Zawadi