Chumvi Kiganjani

Mjukuu wangu Wakesho,

Hujambo huko chuoni? Sisi wazima, na mvua imefika Mwatate. Babu yako anapalilia maharagwe.

Unauliza kikundi chenu cha kuandikiana kwa kompyuta kitawaambiaje watu waache nyama bila kugombana nao.

Nilipoolewa, mama mkwe aliniletea mbuzi nimwone. Ilikuwa desturi: ukisema "nimemwona", anachinjwa. Nilikuwa nimetoka jikoni na chumvi kiganjani. Mbuzi akailamba polepole, amefumba macho nusu, nami nikahisi kama naota.

"Mama," nikasema, "leo nina hamu ya kimanga."

Akanuna. Akaponda maharagwe na muhogo kwa hasira.

Asubuhi nilimkuta zizini, mbuzi akimlamba chumvi mkononi. Aliponiona, akauficha mkono.

Nami sikumwambia neno.

Bibi yako